Harusi kwa Bei ya Maelewano

Sokoni walimwita Mwisho. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri tu, lakini lilikuwa limejilalia kwenye kitambulisho bila kazi. Hili la Mwisho alilipata kwa sababu ya sentensi aliyoitamka mara nyingi kuliko salamu: "Hiyo ndiyo bei ya mwisho." Kila aliyewahi kusimama mbele ya kibanda chake cha mitumba alijua kwamba baada ya bei ya mwisho kulikuwa na bei ya mwisho kabisa, kisha bei ya mwisho ya wewe tu, kisha bei ya haya chukua lakini usimwambie mtu.

Aliuza makoti, mashati na suruali, na alikuwa na kipaji cha hatari. Angeweza kukuuzia koti la sufi siku ya jua la utosini, ukaondoka umelivaa, jasho linakutiririka, na bado ukageuka kumshukuru. Wala hakuficha mbinu yake.

"Mteja hataki nguo," alizoea kumwambia muuza viatu wa kibanda cha jirani. "Anataka kushinda. Mimi namwachia ashinde. Akishashinda, anabeba na mzigo."

Kwa hiyo alianza juu, mbali kabisa na akili timamu, ili apate mahali pa kuteremkia kwa madaha. Kuanza na bei ya kweli aliona ni utovu wa adabu, kama kumfungulia mgeni mlango ukiwa na taulo.

Hata mchumba alimpata hivyohivyo. Fundi, mtengeneza makochi wa mtaa wa nyuma ya soko, alikuja siku moja kutafuta shati. Naye alikuwa na ugonjwa uleule, daktari tu ndiye tofauti: ukimuuliza bei ya kochi la watu watatu, anakutajia bei ya kochi pamoja na nyumba ya kuliwekea. Walipokutana wawili hao juu ya shati moja la mistari, soko lilisimama. Mwisho alitaja. Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. Mwisho akashika kifua. Fundi akageuza mgongo, akaenda zake, akaitwa, akarudi akiwa hana haraka. Mwisho akawaomba majirani washuhudie jinsi mtu anavyouawa mchana kweupe. Muuza viatu alimwacha mteja wake na mguu mmoja ndani ya kiatu akasogea karibu asikose neno.

"Kola imechoka hii," alisema Fundi.

"Kola haijachoka, imepumzika. Uliyechoka ni wewe."

"Na hiki kifungo?"

"Kifungo kipi? Hapo hakuna kifungo."

"Si ndicho ninachosema!"

Walipatana jua likiwa linaelekea kulala. Shati lilikuwa kubwa mno kwake, na wote wawili walilijua hilo tangu mwanzo. Kesho yake Fundi akarudi kulibadilisha. Kesho kutwa akarudi kubadilisha lile alilobadilishiwa. Wiki ilipokwisha, muuza viatu alimwambia Mwisho wazi: "Dada yangu, yule hana shida ya mashati."

Basi wakachumbiana, wakaanza kuweka akiba pamoja, na mambo yakawa yanakwenda vizuri mpaka siku mwenye kibanda alipokuja.

Mwenye kibanda alikuwa bibi mmoja mwembamba, mkali kama wembe mpya, aliyepokea kodi kila mwezi bila kutabasamu. Siku hiyo aliketi juu ya robota la nguo bila kukaribishwa.

"Mjukuu wangu," alisema, "magoti yamenigomea. Nahamia kwa mwanangu. Kibanda nakiuza, na nimeanza na wewe."

Akataja bei. Mwisho akafungua mdomo.

"Funga," alisema bibi. "Hiyo siyo bei ya kuanzia. Mimi kwa umri huu siteremki hata ngazi, sembuse bei. Mwezi ukiisha hujaleta, kuna yule muuza kava za simu. Ameshanionyesha fedha."

Bibi alipoondoka, Mwisho hakumwita mteja hata mmoja, jambo lililowashtua watu kuliko kelele zake. Kibanda kile kilikuwa kwenye kona ya lango la soko. Mtu hawezi kuingia kununua hata kitunguu bila kusalimiana kwanza na makoti yake. Kabla ya kukipata alikuwa akitembeza nguo begani, mtaa kwa mtaa, na nyayo zake zilikuwa bado hazijamsamehe. Muuza kava za simu akichukua kona ile, Mwisho anarudi barabarani. Hakukuwa na njia ya tatu.

Lakini akiba ilikuwepo. Akapiga hesabu kichwani, akarudia, akatabasamu. Zile fedha zao wawili zilitosha kununua kibanda na kufanya harusi ya adabu. Au zilitosha kufanya harusi kubwa na majuto. Kilichotakiwa ni wao wawili kukaa chini, kupanga bajeti ya harusi yenye akili, na ile itakayobaki ndiyo kibanda. Suala la kibanda aliamua kulitaja mwishoni, baada ya bajeti, kama anavyofanya na koti zuri kuliko yote: haliningʼinizwi mbele, linatolewa chini ya meza mteja akishalainika.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo, tena kwa jembe lake mwenyewe.

Jumapili alasiri walikaa karakanani kwa Fundi, juu ya kochi ambalo lilikuwa halijavishwa kitambaa, sponji nje, misumari inachungulia. Fundi alitoa penseli sikioni na kupasua kipande cha boksi cha kuandikia.

"Tuanze na watu," alisema. "Wangapi?"

Mwisho moyoni alitaka themanini. Lakini mdomo wa mtu aliyeuza nguo miaka yote ile hauwezi kutaja themanini kama unataka themanini.

"Mia nne," alisema, kwa sauti ileile ya kutajia koti.

Akasubiri. Hapa ndipo Fundi alipotakiwa kucheka, ashike nguzo, aseme hamsini, yeye ashike kifua, na kadhalika, mpaka wakutane pazuri. Fundi alimeza mate. Macho yalimtoka kidogo, yakarudi.

"Sawa," alisema.

"Sawa?"

"Kama ndiyo furaha yako, nani mimi wa kukukatia furaha?" Akaandika mia nne kwenye boksi, polepole, kama mtu anayeandika jina la marehemu.

Mwisho alitamani kumpiga kwa nyundo. Mwanaume huyu aliyegombana naye siku nzima kwa ajili ya kifungo, leo amegeuka mpole! Lakini afanye nini? Muuzaji hashushi bei bila kuombwa. Ni aibu. Ni kama kuvua kiatu usichoambiwa uvue.

"Haya, magari," alisema akiwa ameuma meno. "Sema wewe."

Fundi alikuwa anataka gari moja, tena hata la rafiki. Lakini naye alikuwa na mdomo wa kazi yake. "Sita," alisema. "Yanayofanana."

Akasubiri naye. Mwisho akamtazama akadhani anajua anachokiona: mwanaume anayetaka kuwakoga mafundi wenzake, kwamba na yeye siku moja alipita barabara kuu akifuatwa na msafara. Utamkatia vipi mtu ndoto kama hiyo, hasa baada ya yeye kukubali mia nne bila kunungʼunika?

"Sita ni mazuri," alisema.

Kuanzia hapo biashara ikawa inapanda badala ya kushuka, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika soko lolote lile. Keki ya ngazi tano ikawa ya ngazi saba kwa ukarimu. Mpiga picha akawa wapiga picha. Mshereheshaji akawa yule wa redioni, anayelipwa ili awatukane wageni kwa upendo. Ukumbi ukawa ule mkubwa wenye taa zinazobadilika rangi. Fundi alipojumlisha, waliitazama ile jumla kama watu wanaomtazama mbwa wa jirani asiyefungwa.

"Inawezekana," alisema Fundi, sauti ikiwa imempungua.

"Kwa nini isiwezekane?" alisema Mwisho. Na koti zuri likabaki chini ya meza, kwa sababu hapakuwa na chochote kilichobaki cha kulinunulia.

Nyumbani, mama yake alipoisikia ile mia nne alipiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wa jirani. Ilipofika Jumatatu asubuhi alikuwa ameshawaambia nusu ya mtaa, na nusu nyingine ilikuwa inaambiwa na ile ya kwanza.

Siku zikapita. Muuza kava za simu alianza kupita mbele ya kibanda na kukipima kwa macho, akitikisa kichwa pale kwenye rafu kama mtu anayepanga kuzibomoa.

"Si umwambie tu Fundi," muuza viatu alimshauri.

"Nimwambie nini? Nishushe mwenyewe? Umeniona lini nikimpunguzia mteja ambaye hajaomba?"

"Yule si mteja. Ni mumeo mtarajiwa."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mteja anaondoka. Yule nitalala naye chumba kimoja, anajua kwamba mia nne yangu ilikuwa feki."

"Basi wewe endelea na heshima yako," alisema muuza viatu. "Ukianza tena kutembeza nguo, nitakupa viatu kwa bei nzuri. Utavihitaji."

Mwisho hakucheka. Lilikuwa tusi zuri, na alijua ni la kweli.

Ikafika siku ya kwenda kulipia ukumbi. Mwenye ukumbi aliwapokea mlangoni akiwa na tai nyekundu na funguo nyingi kuliko milango. Akawazungusha. Akawawashia taa zikawa kijani, zikawa zambarau, wote watatu wakaonekana wagonjwa kwa zamu. Akawaonyesha viti vya rangi ya dhahabu na mapazia yanayofika sakafuni. Kisha akataja bei.

Ah! Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, Mwisho na Fundi walijisikia nyumbani. Hawakuhitaji hata kutazamana. Fundi alicheka akashika nguzo. Mwisho akashika kifua.

"Kaka," alisema Mwisho, "hiyo ni bei ya kukodi au unatuuzia na kiwanja?"

"Dada, huu ni ukumbi wa kisasa."

"Hebu ngoja," alisema Fundi. Alikuwa ameshainamisha kiti kimoja na kukigonga kwa kidole. "Hii siyo mbao. Hili ni vumbi limeshikwa na gundi. Shangazi yangu akikaa hapa tunampeleka hospitali, na bili tunakuletea wewe."

"Viti ni vipya!"

"Na haya mapazia," alisema Mwisho, akilishika moja kati ya vidole viwili kama anavyoshika nguo ya mshindani. "Haya ni mitumba, kaka yangu. Usinibishie. Nimeyafungua kwenye robota mapazia ya hivi, ndugu zake kabisa. Huku chini wamekunja kuficha yalipokatwa."

Mwenye ukumbi alilegeza tai. Akashuka kidogo. Wakageuza mgongo pamoja, kwa mpangilio, kama askari. Akawaita. Akashuka tena. Fundi akauliza kama choo kinafunga. Mwisho akauliza kama hizo taa zambarau zinaweza kuzimwa na bei nayo ikapungua. Yule bwana aliteremka, akateremka, akafika mahali ambapo mke wake asingependa kusikia, kisha akainua mikono.

"Haya," alisema akihema. "Mmeshinda. Hakuna aliyewahi kupata ukumbi huu kwa bei hiyo. Lipeni."

Fundi alikuwa anangʼaa. Mwisho alikuwa ameshatoa simu, ameshaifungua akiba yao, kidole kiko juu ya namba ya siri. Na kidole kikaganda.

Mmeshinda.

Neno hilo alilijua. Alilitumia kila siku ya Mungu. Alikuwa akiwaambia watu waliobeba makoti siku ya jua, na alizijua nyuso zao wakati wa kulisikia: mtu akishapunguziwa vizuri, hakumbuki tena kama alikuwa na haja ya koti. Alimtazama Fundi. Alikuwa na uso uleule. Akajiona na yeye kwenye kioo cha ukutani, chini ya taa ya zambarau, amesimama amelivaa koti la sufi.

"Fundi," alisema. "Huu ukumbi ni wa nani?"

"Wa huyu bwana."

"Namaanisha anayeutaka ni nani? Mimi au wewe?"

"Si wewe? Wewe ndiye uliyesema mia nne. Mia nne nitawaweka wapi, karakanani?"

"Nilisema mia nne ili useme hamsini!"

Fundi alimgeukia. "Na mimi nilisema magari sita ili unicheke," alisema. "Nilisubiri unicheke mpaka nikaingiwa na baridi."

"Jamani," alisema mwenye ukumbi.

"Ngoja kidogo, kaka," walisema kwa pamoja.

Mwisho alivuta pumzi. Sasa hapakuwa na mahali pa kujificha, basi akalitoa koti chini ya meza. Akamwambia habari za bibi, magoti yake, mwisho wa mwezi, na muuza kava za simu anayepima rafu kwa macho. Fundi akakunja uso.

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile Jumapili."

"Kwa hiyo siku ile tumekaa pale, naandika keki ya ngazi saba, wewe unajua kibanda kinaondoka?"

"Nilikuwa nakiweka mwishoni."

"Mwishoni mwa nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. "Mimi nimeshachukua oda za makochi ambayo mbao zake bado ni miti, ili nikutimizie mia nne zako. Ulikuwa unanifanyia biashara. Mimi."

Mwisho hakushika kifua. Hakuita mashahidi. Alifanya kitu ambacho sokoni hakuna aliyewahi kumwona akikifanya.

"Themanini," alisema. "Ndiyo ya kweli. Tangu mwanzo. Ukumbi siutaki, keki nyumbani, gari moja, na kibanda nikipate kabla ya mwezi kuisha. Sina nyingine ya chini ya hapo. Nimekupa bei niliyonunulia."

Taa zikawa kijani. Fundi alijikuna kidevu, akakitazama kile kiti cha vumbi na gundi, akamtazama mchumba wake.

"Sitini," alisema.

"Nini?"

"Sitini. Themanini ni nyingi."

"Wewe mtu! Nimekwambia ni bei ya kweli!"

"Nimesikia. Nasema sitini."

"Sitini hata ndugu zangu hawaenei! Mama yangu peke yake ana marafiki arobaini!"

"Mama yako ana marafiki watano na maadui thelathini na tano anaotaka wamwone amependeza. Sitini na tano."

"Sabini na tano, na mpiga picha namtoa kabisa. Mdogo wangu ana simu nzuri."

"Samahani," alisema mwenye ukumbi, "kuna ukumbi mdogo huko nyuma, wa watu kama..."

"Unatumia taa hizihizi?" aliuliza Fundi.

"Ndiyo."

"Basi baki nao. Sabini, Mwisho. Nakutengenezea na rafu mpya za kibanda, za mbao ya kweli. Sabini, au naondoka." Na kweli akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa mwendo ule wa mtu anayeomba aitwe.

Mwisho alimwacha afike mbali kidogo, kwa sababu alikuwa na raha kuliko siku zote tangu avishwe pete.

"Haya rudi," aliita. "Umenilalia. Chukua!"

Asubuhi yake alimpelekea bibi fedha. Bibi akazihesabu mara ya kwanza, akazihesabu mara ya pili akiwa amemtazama yeye badala ya fedha, kisha akasaini. Muuza kava za simu alipopita kupima rafu, alikuta Fundi amezingʼoa zote na msumeno unalia.

Kikabaki kipengele kigumu kuliko ukumbi: mama. Walikwenda wote wawili, wakaketi sebuleni, na Mwisho akasema bila kuzunguka. Watu sabini. Hakuna ukumbi. Uwanja wa nyuma ya nyumba, turubai, chakula cha mchana, kila mtu kwao kabla ya giza.

"Sabini?" Mama alishika shavu. "Sabini ni kikao cha wapangaji! Presha yangu hii. Nimeshawaambia watu mia nne! Watu watasema nini?"

"Watasema wiki moja, mama. Halafu watakuja kununua nguo. Kibanda sasa ni changu."

"Chako vipi?"

"Nimekinunua. Si cha kupanga tena."

Mama akautoa mkono shavuni. "Kodi hulipi tena?"

"Silipi."

"Hata ya mwezi ujao?"

"Hata ya mwaka ujao."

Presha ikashuka yenyewe. Mama akatulia, akafikiri, na taratibu uso wake ukaanza kupata mwanga ambao binti yake hakuutegemea.

"Kwa hiyo," alisema, "nafasi ni chache."

"Chache sana, mama."

"Mtu anaweza kukosa. Na hawezi kulaumu. Nafasi zimekwisha."

"Hawezi."

Mama akajisogeza mbele kwenye kiti. "Yule mama wa nyumba ya kona asije. Alikuja kunipa pole nilipougua akaondoka na sufuria. Na yule binamu wa baba yako, anayesema tumbo langu limekua. Na mke wake, kwa kumsikiliza. Wale wa kwaya, wote waliokaa mstari wa mbele kabla yangu." Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikutosha. "Mjomba wako mkubwa naye akae nyumbani ajifunze."

"Mama, hapo wamebaki arobaini tu."

"Arobaini ni nyingi."

"Hamsini na tano," alisema Mwisho. "Mjomba lazima aje, mama, ndiye mwenye turubai."

"Turubai lije. Yeye abaki."

"Hamsini, na mjomba anakaa nyuma kabisa."

"Nyuma, na asipewe kipaza sauti."

"Hapewi."

Fundi, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kochi akiyasikiliza haya kwa heshima zote, aliinua mkono kidogo. "Na mimi, mama? Bado nimo?"

Mama alimtazama juu hadi chini, kama anayepima urefu wa mbao.

"Wewe hukosi," alisema. "Viti ataleta nani?"